Mafunzo Niliyopata Nikimlea Njiti Kifuani

Binti yangu alizaliwa njiti, hajafika hata kilo 2. Wauguzi wakanifundisha kumlea kwa njia ya kangaruu: mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu, analazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha mnafungwa pamoja kwa kanga.

1. Hii ni tiba kamili. Majirani walinihurumia wakidhani nimekosa pesa ya mashine. Ni kweli njia hii ilizaliwa na uhaba: mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliianzisha kwa sababu vitanda vya joto havikutosha. Lakini utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo hupungua kwa robo. Mtu asikuonee huruma kwa hilo.

2. Kufunga kuna namna yake. Kichwa kigeuzwe upande, shingo isiiname, ukingo wa kanga uishie chini ya sikio, miguu ikunjwe kama ya chura. Tumbo liachiwe nafasi, maana ndilo analopumulia. Nami nililala nusu nimeketi, mito mgongoni.

3. Mama peke yake hawezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Nani apike, nani afue, nani aangalie watoto wakubwa? Wifi yangu alihamia kwangu na kubeba yote hayo, na kwangu mimi naye ni mganga wa mtoto huyu. Mume wangu alisita mwanzoni, akiona ni mambo ya wanawake. Alipofungiwa mtoto, joto likawa lilelile, na mimi nikalala usingizi. Akina baba waitwe wodini tangu siku ya kwanza. Naudhika sana wanapoachwa getini.

4. Maziwa nayo huongezeka. Kumlisha tulianza na mpira wa puani, tukaenda kwenye kikombe, ndipo titi.

5. Mtoto mwenyewe hukuambia basi. Alipokaribia kilo 2.5 alianza kujinyonganyonga, akitoa mikono na kulia kila nikishika kanga. Muuguzi akasema hiyo ndiyo dalili, nimfungue.