Mkokotoaji Mbele ya Kompyuta: Somo la Kukua Kikazi

Zamani neno la Kiingereza lililozaa jina "kompyuta" halikuwa jina la mashine. Lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kukokotoa. Katika maabara kubwa watu hao, wengi wao wanawake, walikaa mezani kutwa wakigeuza vipimo kuwa majedwali na grafu. Mashine ya elektroniki ilipochukua jina lao, ilichukua pia kazi yao. Hapo likazuka swali linalomkabili hadi leo kila mfanyakazi wa teknolojia ya habari: chombo akitumiacho kikipitwa na wakati, yeye hubaki na nini?

MWALIMU AWA MKOKOTOAJI

Dorothy Vaughan alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani. Alipata shahada ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Wilberforce mwaka 1929, kisha akafundisha somo hilo katika shule ya sekondari mjini Farmville, jimbo la Virginia. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliajiriwa katika maabara ya Langley. Maabara hiyo ilikuwa chini ya NACA, kamati ya taifa iliyoshughulikia utafiti wa ndege.

Yeye na wenzake weusi waliwekwa katika kitengo cha peke yao, wakatengewa vyoo na mahali pa kulia. Mwaka 1949 alishika usimamizi wa kitengo hicho, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa msimamizi katika NACA.

LUGHA MPYA YA KAZI

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu. Kwa lugha hiyo mtaalamu huandika fomula kwa namna inayokaribiana na ile ya hisabati, na kompyuta huigeuza kuwa amri za mashine. Tuchukue mfano wa kanieneo itokanayo na mwendo wa hewa. Hiyo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa kwa kipeo cha pili cha kasi, na katika FORTRAN huandikwa hivi:

Q = 0.5*D*V**2

Nyota moja ni alama ya kuzidisha. Nyota mbili ni alama ya kipeo. Iwapo densiti ni kilogramu 1.225 kwa mita ya ujazo, na kasi ni mita 100 kwa sekunde, jibu ni nyutoni 6,125 kwa mita ya mraba. Lakini mwandishi akisahau nyota moja ya kipeo, kompyuta itatoa 122.5 bila kusita, kwa kuwa amri hiyo nayo ni halali. Atakayegundua kosa ni yule ajuaye kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, kanieneo hapana budi iongezeke mara nne. Mashine hutii tu. Haijui ndege ni kitu gani.

Vaughan alijifunza FORTRAN, kisha akawafundisha wenzake. Wepesi wa kukokotoa kwa mkono ulipungua thamani, ila ujuzi wa hisabati na uzoefu wa ualimu vilizidi kumfaa.

UJUZI NA CHEO

Mwaka 1958 NACA iligeuzwa kuwa NASA, na kitengo cha wakokotoaji weusi kikavunjwa. Vaughan alihamia idara ya uchambuzi na ukokotoaji, ambamo watu wa rangi zote, wake kwa waume, walifanya kazi pamoja. Hata hivyo, alitafuta cheo kingine cha usimamizi asikipate hadi alipostaafu mwaka 1971.

Basi kukua kitaaluma na kupanda cheo ni mambo mawili. La kwanza hutegemea sana juhudi ya mfanyakazi. La pili hutegemea pia uadilifu wa wenye kutoa vyeo. Elimu humwezesha mtu kubaki kazini mambo yabadilikapo, lakini peke yake haiondoi dhuluma.

Miongoni mwa kazi alizochangia ni mradi wa roketi ya Scout. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya aina hiyo iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, nayo ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

FUNZO KWA MWANAFUNZI

Leo zipo programu za akili bandia zinazoandika programu nyingine. Kwa hiyo ajiandaaye kwa kazi hii asitegemee lugha moja ya kompyuta tu. Aimarishe hisabati na sayansi, azoee kupima kama jibu lina maana, tena awafundishe wenzake, maana afundishaye hujifunza mara mbili.

MAZOEZI

1. Kokotoa kanieneo iwapo kasi ni mita 200 kwa sekunde. Rudia kwa fomula yenye kosa, kisha linganisha majibu.
2. Eleza kwa nini kompyuta haikuweza kutambua kosa hilo.
3. Jadilini darasani: shule au ofisi ifanye nini ili ujuzi na cheo viende pamoja?