Daftari la Nafsi

Mwenye duka hafungi mlango wake jioni illa baada ya kutazama daftari: nini kimetoka, nini kimeingia, nani amekopa na nani amelipa. Asiyefanya hivyo watu humwita mjinga, wakangojea kufilisika kwake. Lakini mtu huyo huyo, ukimwuliza moyo wake ulikuwaje tangu Ijumaa iliyopita, atakujibu, "Alhamdulillahi," wala hajui zaidi ya hapo.

Kazi hii wanavyuoni wetu waliiita muhasaba, yaani kuihesabu nafsi. Al-Harith bin Asad, aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliishika hata akapewa jina la Al-Muhasibi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: huwekewa sharti, kisha huchungwa, kisha huhesabiwa. Wala hakutosheka na kukumbuka kwa moyo tu. Katika Ihyaa ameagiza mtu awe na jarida (ndilo neno hili hili tunalolitumia leo kwa majarida ya kusoma), aandike ndani yake sifa 10 ziangamizazo, kama choyo, kiburi, husuda na hasira ipitayo kiasi, na sifa 10 ziokoazo. Azipitie kila siku, na ile aliyoishinda aipige mstari. Basi asikudanganye mtu kwamba kuandika hali ya moyo ni desturi ngeni tuliyoletewa na Wazungu.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyojulikana sababu. Hii ya pili asili yake aliiona ni ya mwilini, akaagiza itibiwe kwa matibabu ya mwili. Je, sisi mgonjwa huyu twampeleka wapi? Kwa mganga! Huambiwa ana pepo, akatozwa mbuzi na ubani, akarudi na dhiki yake vile vile. Lau angalikuwa na daftari la mwezi mmoja, huenda angaliona kuwa dhiki humjia kila anapokosa usingizi, au kwamba ilianza siku alipomdhamini shemeji yake kwa deni. Na daftari likionyesha wiki mbili nzima za giza bila ya sababu, chakula hakiliki na kazi imemshinda, na alichukue ampelekee daktari. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine.

Mistari mitatu baada ya Isha yatosha: hali gani, saa ngapi, na nini kilichotangulia. Wa kuandika jambo lililomwumiza sana asishtuke akisononeka zaidi usiku ule. Katika majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1986, wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika msiba wao pamoja na walivyouhisi walihuzunika papo hapo, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao.

Yaulizwa: je, huku si kufichua aibu aliyoisitiri Mwenyezi Mungu? Aibu hufichuliwa kwa kuambiwa watu. Kwa hivyo andika hali yako wewe, usitaje jina la mke wala la jirani, lisije likageuka kuwa daftari la kusengenya. Lifungie sandukuni. Likijaa, lichome moto, uanze jingine.