Minyoo Waharibuo Mizizi

Mkulima wa kando ya Mto Tana, karibu na Garissa, hupata maji kwa gharama, kwani hana budi kuyavuta mtoni kwa mashine. Aonapo minyanya imenyauka adhuhuri hali udongo umelowa, huongeza maji tena. Pengine anapoteza fedha bure, maana ugonjwa umo mizizini.

Ng'oa mmea mmoja polepole, uoshe mizizi, kisha uitazame. Ikiwa imevimba vifundo vifundo, shamba limeingiwa na minyoo fundo. Hawa si minyoo wa tumboni. Ni wadogo hata jicho haliwaoni. Huingia mzizini, hunyonya chakula, na kuharibu njia za kupandishia maji. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa, na katika ardhi ya joto kizazi kipya hutokea kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Lakini usidanganyike: vifundo vya kunde vibandukavyo upesi ni vyema, kwani hurutubisha ardhi. Vya minyoo havibanduki. Ni mzizi wenyewe uliovimba.

Baada ya mavuno, ng'oa mizizi yote uichome moto. Usihamishe miche kutoka shamba lenye ugonjwa, na uoshe jembe lako. Wakati wa kiangazi geuza udongo mara mbili au tatu, jua liwakaushe. Kisha panda mtama, usirudie nyanya, bamia wala tikiti. Tena kumbuka kwamba maji yatokayo shambani mwako huwachukua minyoo hao hadi kwa jirani.