Kutoka LUKU hadi "Mita Janja": Tatizo la Istilahi

Makala haya yanadokeza tatizo moja la uundaji wa istilahi za vifaa vinavyowasiliana bila waya. LUKU ni akronimu ya "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo"; jina lenyewe laeleza kazi. Mkazi wa Old Moshi anunuapo umeme kwa simu, hupokea tarakimu 20 kwa mawimbi ya redio, kisha huzibonyeza kwenye mita. Mtandao, basi, huishia kwenye simu. Kiungo cha mwisho ni mtu. Hali hiyo ilidhihirika mwaka 2024, mita za aina hii zilipohitaji kuwekewa tarakimu maalumu kabla ya 24 Novemba: mtumiaji mwenyewe ndiye aliyeziingiza.

Kinachoitwa "mita janja" ni kifaa kingine: hutuma takwimu na kupokea amri chenyewe. Hata hivyo, -janja hubeba pia dhana ya hila. Kwa jamii iliyozoea kugawana maji ya mfongo kwa zamu, hadharani, swali la msingi ni: nani apimaye, na nani afungaye? Istilahi ifaayo sharti ijibu swali hilo. Kwa hiyo tunapendekeza "mita ya kidhibitimbali", inayotaja mamlaka badala ya kuisifu mashine.