Kutoka idadi ya atomu hadi gramu

Swali: Tafuta tungamo la atomu 1.505 × 10²³ za shaba (Cu = 64).

Pitia kwanza kwenye moli. Moli moja ina atomu 6.02 × 10²³, hivyo:

Moli = (1.505 × 10²³) ÷ (6.02 × 10²³) = 0.25
Tungamo = 0.25 × 64 = gramu 16

Ukizidisha idadi ya atomu kwa 64 moja kwa moja, utapata shaba nzito kuliko Mlima Kilimanjaro!

Soma pia swali linataja nini. Atomu 3.01 × 10²³ za oksijeni (O = 16) zina gramu 8. Molekuli 3.01 × 10²³ za oksijeni zina gramu 16, kwa kuwa kila molekuli, O₂, ina atomu mbili. Hapo ndipo alama hupotea.

Jaribu: atomu 1.204 × 10²⁴ za kaboni (C = 12). Jibu: gramu 24.