Kigari cha Beringi: Pesa Iishie Kwenye Breki

Anza na beringi, mbao zitafuata. Wazazi wengi hununua mbao kwanza, kisha magurudumu yanakosekana, na kigari kinaishia kuwa benchi la uani.

Beringi zilizochoka zimejaa gereji. Nyingine zimetoka kwenye giaboksi za malori, nyingine kwenye mota za umeme na pampu za maji. Kwenye gari hazifai tena, lakini uzito wa mtoto wa miaka tisa ni mchezo kwazo. Hapa Mwanza mimi huenda na wanangu jioni, mafundi wanapofunga kazi, na kuomba ni jukumu la watoto. Mtu mzima akiuliza hutajiwa bei. Mtoto akisema "Shikamoo fundi, una beringi mbovu?" huonyeshwa ndoo na kuambiwa achague.

Hapo kwenye ndoo pana somo la hesabu. Ubavuni mwa beringi pamechongwa namba, mathalani 6204 au 6307. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 ina tundu la 20, 6307 la 35. Kanuni inaanzia 04 kwenda juu. 6203 haiifuati, tundu lake ni 17. Binti yangu sasa anasoma namba hizi vizuri kuliko mimi, tena anamsahihisha kaka yake.

Chaguo letu ni 6307. Kwa nje ina milimita 80, kwa hiyo inainua kigari vya kutosha. Ukitumia 6204, yenye milimita 47 tu kwa nje, ekseli ya mbao itakwaruza lami. Na tundu la 35 linaelewana na kitu ambacho kila duka la pembejeo linacho: mpini wa jembe. Mti wake ni mgumu, umenyooka, na unene wake ni kama milimita 40, kwa hiyo ncha zinahitaji kuchongwa kidogo tu. Mipini miwili inatoa ekseli mbili. Watoto wachonge kwa tupa na msasa wakijaribishia beringi kila mara, maana mti ukishaliwa haurudi. Beringi iingie kwa kubana. Ukiigonga, gonga duara la ndani, kupitia kipande cha bomba. Ukigonga la nje unaumiza gololi. Kabla ya hapo zioshwe kwa mafuta ya taa, zikauke, zipakwe grisi. Mwisho toboa ncha ya mpini, weka washa, pitisha msumari mnene na uukunje.

Mwili hauna mengi. Ubao mmoja wa inchi moja kwa nane, urefu wa mita moja na robo, unatosha, na fundi seremala ana mabaki ya paini ya kuuza rahisi. Upande mmoja wa kila mpini usawazishwe kwa randa, kisha ufungwe kwa bolti chini ya kipande cha mbili kwa nne. Cha nyuma kipigiliwe kwenye ubao moja kwa moja, na kiwe kirefu kuliko cha mbele ili kigari kisipinduke kirahisi.

Cha mbele ndicho usukani, na hapa mkono mmoja uingie mfukoni bila ubahili. Nunua bolti mpya ya nusu inchi, washa pana tatu (juu, chini, na katikati ya mbao mbili), na nati mbili zikazwe moja juu ya nyingine. Nati moja pekee hulegea kadiri mbao inavyozunguka. Pigilia pia vipande viwili chini ya ubao vizuie usukani usikate kona kupita kiasi. Dereva aongoze kwa miguu, kamba iliyofungwa kwenye usukani ishikwe tu, asiizungushe kiganjani.

Mkono wa pili uingie mfukoni kwa ajili ya breki. Kwenye hili sina mzaha. Nimeona vigari vingi mitaani ambavyo breki yake ni kisigino cha mtoto. Usihangaike kubana beringi, chuma kitateleza tu juu ya lami. Breki ya kweli husugua barabara: vijiti viwili vya mbili kwa mbili, kimoja kila upande wa kiti, vikizunguka kwenye bolti, na chini vimevishwa mpira wa tairi. Fundi wa katambuga anakukatia mpira huo kwa bei ya soda. Viwe viwili, kwa sababu kimoja cha pembeni hugeuza kigari.

Kofia ya baiskeli tuliipata mitumbani, soko la Mlango Mmoja. Ya bodaboda ni kubwa mno, inamziba macho mtoto. Ndala hapana, raba ndiyo.

Beringi hutaka lami au zege laini. Barabara za mawe zinazopanda vilimani kwetu hutikisa meno, na kwenye vumbi beringi huzama. Kama mtaa wako ni wa udongo, igeni wenzetu wa Goma, Kongo: chukudu zao, yaani skuta za mbao zinazobeba magunia kwa magunia, zina magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi. Ni kazi zaidi, lakini bado haidai duka.

Kijana wangu ameshaanza kudai injini. Nilimwambia kwamba Wamarekani wana mashindano ya vigari vya watoto tangu mwaka 1934, yalianzia Ohio, na hadi leo kinachovuta ni mteremko tu. Hakuridhika, ila amenyamaza kwa sasa.

Wa kwanza kupanda ni mimi, kwa kuwa ndimi mzito kuliko wote. Nakaa, wanasukuma polepole mahali tambarare, navuta breki zote mbili. Kitakachovunjika kivunjike chini yangu. Baada ya hapo watoto wanateremka kwa zamu, mmoja akiwa mwisho wa mteremko kuangalia bodaboda, na kila wakimaliza mchezo spana inapita kwenye nati zote. Mpira wa breki ukibaki mwembamba kama shilingi, kigari kinalala ndani mpaka ubadilishwe, hata wakilia.