Kompyuta Inayozima Katikati ya Gemu: Itazame Inavyozima Kabla Hujanunua Kifaa

Kompyuta ya mezani ikizima katikati ya gemu, kila mtu ana dawa yake. Badili kadi ya grafiki. Ongeza RAM. Piga Windows upya. Nimetengeneza mashine za ndugu na majirani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kinachoniuma zaidi ni kumwona kijana aliyejinyima miezi kadhaa akinunua kadi ya pili wakati ile ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Hela hiyo hairudi. Basi kabla hujatoa hata shilingi, iache mashine izime tena, safari hii ukiwa umeikodolea macho, kwa sababu namna inavyozima ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Ikikata papo hapo bila ujumbe wowote, kisha ikajiwasha yenyewe, mimi huanza na umeme. Ikitoa skrini ya bluu, fikra zangu huenda kwenye RAM, draiva au prosesa, na jina la kosa lililoandikwa pale chini nalipiga picha kwa simu kabla halijapotea. Skrini ikiwa nyeusi huku sauti ya gemu ikiendelea kusikika, kadi ya grafiki au draiva yake imeacha kuitikia. Na gemu ikijifunga peke yake huku Windows ikibaki salama, anza na mafaili ya gemu yenyewe. Steam ina sehemu ya kuyahakiki, na mara nyingi shida huishia hapo.

Windows nayo huweka kumbukumbu. Fungua Event Viewer, nenda kwenye kumbukumbu za System, utafute saa ileile mashine ilipozima. Karibu kila mara utakuta Kernel-Power yenye namba 41, na wengi hapo ndipo wanapopotea, wakidhani wamesomewa ugonjwa. Namba 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake, uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na mara nyingi hiyo ni dalili ya umeme kukatika ghafla au mashine kuganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, palikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiwahi. Ukikuta na WHEA-Logger jirani yake, kuna kifaa kilicholalamika chenyewe, hivyo weka kando wazo la kupiga Windows upya.

Sasa umeme, maana hapa ndipo ninapokuta shida nyingi kuliko penginepo. Mpwa wangu aliniletea mashine yake akiwa amekata tamaa. "Mjomba, fundi amesema kadi imeungua." Akiangalia filamu ilikuwa sawa, akiandika kazi za chuo ilikuwa sawa, ila akiingia uwanjani kwenye gemu ya mpira, dakika chache tu inakata. Kadi iliyoungua kwa kawaida haionyeshi filamu kwa saa mbili bila doa. Nilifungua kasha nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Kwa herufi kubwa iliandikwa 500W, lakini mstari wa 12V ulisema ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Kadi yake ilikuwa RX 580, ambayo peke yake hula takriban wati 185, na prosesa yake ni ya wati 65. Jumla ni 250, kabla hujahesabu diski, feni na ile miruko ya ghafla ambayo kadi huvuta kwa muda mfupi mno kuliko unavyoweza kuiona kwenye kipimo. Kadi na prosesa zote hulishwa na mstari huo wa 12V. Usisome herufi kubwa. Soma ampea za 12V.

Kuna jaribio lisilo na gharama ambalo nalipenda sana. Weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70, kisha kwenye gemu yenyewe funga fremu zisizidi 30 kwa sekunde. Cheza. Mashine iliyokuwa ikikata ndani ya dakika chache ikivuka jioni nzima, una sababu nzito ya kushuku umeme au joto, na hizo mbili utazitenganisha kwa kusoma nyuzijoto. Kwa mpwa wangu joto lilikuwa la kawaida, nikaazima pawasaplai ya mashine yangu, nikarudisha mipangilio yote kama ilivyokuwa, na kadi "iliyoungua" ikacheza mpaka akachoka yeye.

Angalia pia waya zinazoingia kwenye kadi. Vile viunganishi vinavyogeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya pini 8 vinanitisha kweli. Plagi ya SATA imekusudiwa kubeba ampea 4.5 tu kwenye 12V, yaani wati 54, ilhali plagi ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta wati 150. Plastiki huyeyuka. Ukikiona kiunganishi hicho ndani ya kasha lako, kitoe leo.

Na usisahau ukutani. Taa zikififia friji inapoanza kuunguruma, na mashine ikazima wakati huohuo, kompyuta haina kosa. UPS ndogo nazo huhadaa watu: iliyoandikwa 650VA kwa kawaida haifikii wati 400, na mashine ya gemu pamoja na skrini yake inaweza kuizidi. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani kwa jaribio moja, uone.

Joto halijifichi kama umeme. Prosesa ikikaribia ukomo wake, ambao kwa nyingi za leo ni kati ya nyuzijoto 90 na 100, hujipunguza kasi kwanza, kwa hiyo gemu huanza kukwamakwama kabla mashine haijazima. Washa programu ya HWiNFO irekodi vipimo kwenye faili wakati unacheza, ili hata ikizima ubaki na namba za mwisho. Januari na Februari hapa Dar chumba chenyewe kinavuka nyuzijoto 30, na vumbi likishikana na unyevu wa pwani linagandamana kwenye hitisinki. Chomoa umeme, tumia blowa au brashi laini, na shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Pesti ya prosesa iliyokauka ibadilishe, ni bei ndogo.

Kwa RAM, kwanza ingia kwenye BIOS uzime mpangilio wa XMP. RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi hufikia kasi hiyo kwa XMP tu, na si kila mazabodi huistahimili. Kisha chomoa vipande, vifute miguu kwa raba ya shuleni kama mafundi wetu wanavyofanya, jaribu kimoja kimoja, na uiache programu ya MemTest86 ikikague usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa.

Kuhusu draiva sina mengi. Windows husubiri sekunde 2 kadi iitikie, isipoitikia huiwasha upya draiva, na ndiyo maana skrini huzima na kurudi. Futa draiva yote kwa programu ya DDU ukiwa kwenye Safe Mode, kisha weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu.

Wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 wana jambo lao. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi yake zinaharibika kwa kupewa volti iliyozidi, ikatoa marekebisho ya maikrokodi 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Gemu nyingi zilizojengwa kwa Unreal Engine zilikuwa zikilalamika kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, watu wakakimbilia kubadili kadi, kumbe tatizo ni prosesa. Weka BIOS mpya mapema. Marekebisho huzuia madhara, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika, kwa hiyo kama mashine bado inazima, dai dhamana.

Ukishapata unachokishuku, azima kingine kwa rafiki, badili hicho kimoja tu, na ucheze gemu ileile, sehemu ileile iliyokuwa ikizimia. Kama ilikuwa ikikata baada ya nusu saa, cheza saa tatu. Ikivuka, ondoa vikomo na uwashe XMP, moja baada ya jingine, ukicheza katikati. Hapo ndipo uende madukani Kariakoo. Kama ni kadi ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe na aiendeshe kwa gemu nzito mbele yako walau dakika 20. Kama ni pawasaplai, igeuze usome mstari wa 12V kabla hamjaanza kupatana bei.